Mbwa wasiofungwa kwenye mteremko wa Newala: tumekutana nao mara tatu asubuhi moja, naomba ushauri

Mwalimu_wa_Shangani, Jumatatu saa 2:15 usiku

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wenu, hasa wenyeji wa Newala, Tandahimba na Masasi, kuhusu jambo ambalo limeninyima utulivu tangu Jumamosi.

Kila mwaka kipupwe kinapoingia, mimi na jamaa wachache wa Mtwara mjini huwa tunakwenda kutembea kwa miguu katika Uwanda wa Makonde. Huku kwetu pwani, hata Julai, shuka moja linatosha usiku. Kule juu Newala mambo ni mengine kabisa: upepo wa kusi unavuma usiku kucha, na alfajiri ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma hadi unafunika njia, kiasi kwamba mtu aliyekutangulia kwa hatua kumi unamwona kama kivuli. Jumamosi tulikuwa watu sita, pamoja na mpwa wangu wa miaka 15. Tulianza kutembea karibu na Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda, mara tu kulipopambazuka, kila mmoja akiwa amevaa koti zito na kofia yake, tukashuka kwa njia ya miguu inayopita katikati ya mashamba ya mihogo, mbaazi na mikorosho.

Mbwa wa kwanza nusura tumkanyage. Alikuwa amejikunja juu ya majivu ya moto uliozimika, kando ya njia, chini ya dungu, yaani jukwaa la kulindia shamba, na rangi yake ilifanana na yale majivu. Aliruka, akabweka kwa ukali, akarudi nyuma huku akibweka, mpaka sauti ya mzee mmoja ilipomwita kutoka juu ya dungu. Hapo hapakuwa na madhara.

Wa pili walikuwa wawili, wakiwa na vijana waliotoka kuwinda ndezi. Walituzunguka. Sisi tukainua fimbo, na nakiri kwamba hali ilizidi kuwa mbaya baada ya kuziinua, kwa maana mmoja alianza kutujia kutoka nyuma na mwingine mbele. Vijana walipiga mluzi, nao wakaacha mara moja.

Wa tatu ndiye aliyenifanya niandike. Tulikuwa tumeshafika kwenye chemchemi na tunapanda kurudi, yapata saa tatu na nusu, ukungu ukiwa umeanza kuinuka. Katika shamba moja walikuwa wanapulizia mikorosho salfa, na ile mashine ya mgongoni ilikuwa inanguruma kiasi kwamba hakuna aliyetusikia tukipiga hodi. Mbwa jike, chuchu zimejaa maziwa, alitoka pembeni bila kubweka. Mpwa wangu akakimbia. Yule mbwa akamkamata suruali kwa nyuma, ikachanika kutoka gotini hadi kifundoni, kisha akamwachia. Mwenye shamba alizima mashine, akaja mbio, akamfukuza mbwa wake na kutuomba radhi sana. Mtoto hakuumia, isipokuwa mkwaruzo mwembamba kwenye muundi, kama wa mwiba, uliotoa damu kidogo. Tuliufuta kwa kitambaa tukaendelea na safari.

Maswali yangu ni haya. Je, mtembea kwa miguu afanye nini hasa anapokutana na mbwa aliyeachwa huru, wakati mwenye mbwa haonekani? Je, ni haki kuiomba serikali ya kijiji iwatake wenye mbwa wawafunge siku tunayopita? Nauliza kwa sababu mwezi wa Agosti nimepanga kuwapeleka wanafunzi 22 kwenye njia hiyo hiyo kwa somo la jiografia, waone ukingo ule na bonde lote mpaka ng'ambo ya Msumbiji, na sasa sina uhakika kama nina haki ya kuwapeleka.

Mkulima_wa_Mikorosho, Jumatatu saa 3:02 usiku

Mwalimu, pole sana wewe na mpwa wako. Mimi ni mwenyeji wa pande hizo na nina mbwa wanne, kwa hiyo naomba nikueleze jinsi jambo hili linavyoonekana kutoka upande wa shamba.

Mbwa wetu hatuwafungi kwa sababu kazi yao haiwezekani wakiwa wamefungwa. Nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo usiku mmoja wanaweza kufukua chakula cha familia cha miezi miwili, na mchana kuna ngedere na nyani ambao wanamjua mtu mwenye mbwa na mtu asiye na mbwa. Mwezi huu wa Julai sisi tuko shambani tangu alfajiri, maana mikorosho inatoa maua na usipoiwahi kwa salfa, ugonjwa wa ubwiriunga unayakausha. Mbwa anakuja na familia, analala chini ya dungu, na anajua kabisa eneo lake linaanzia wapi na kuishia wapi. Mgeni anapopita, anabweka ili atuamshe sisi. Mara nyingi shabaha yake inaishia hapo.

Sasa jiangalie wewe kwa macho ya yule mbwa. Ni asubuhi ya ukungu, haoni mbali. Upepo wa kusi unavuma kutoka kwake kwenda kwako, kwa hiyo harufu yako haijamfikia. Ghafla linatokea kundi la watu sita, wamevaa makoti yanayowafanya wawe wanene kuliko watu anaowajua, kofia zimefunika nyuso, migongoni wana mizigo, mikononi wana fimbo. Hakuna mtu wa kijijini anayetembea hivyo. Nami nimewaona mbwa wangu wakimbwekea mwanangu mwenyewe siku aliyorudi kutoka Dar es Salaam usiku akiwa amevaa koti lenye kofia, mpaka alipoivua na kuwaita kwa majina.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni sauti. Mkikaribia shamba au nyumba, anzeni kuzungumza mkiwa mbali, pigeni hodi, itaneni, vueni kofia ili uso uonekane. Msisubiri mpaka mmekuwa hatua tano. Mashine ya salfa ikiwa inanguruma, kama ilivyokuwa kwenu, simameni nje ya shamba mpaka mpuliziaji ageukie upande wenu na kuwaona, hata ikichukua robo saa.

Mbwa akishakuja, simama. Najua ni rahisi kusema, lakini anayekimbia ndiye anayekamatwa, kwa sababu mbwa wetu wamefundishwa kukimbiza kinachokimbia. Mgeuzie ubavu, usimkodolee macho, mikono iwe chini, fimbo iwe imeelekea ardhini kati yako na yeye. Fimbo ikiinuliwa juu anaichukua kama mwanzo wa ugomvi, na mbwa wawili waliozoea kuwinda pamoja watafanya kile kile mlichokiona: mmoja atakushughulisha mbele ili mwenzake apate nafasi nyuma. Kundi lisitawanyike, watoto wawe katikati. Akinyamaza, ondokeni polepole, kwa mshazari, mkiwa mnamwona kwa pembeni.

Kuna watu watakuambia uiname kama unayeokota jiwe. Ni kweli mbwa wengi wa vijijini wanarudi nyuma ukiinama, kwa sababu wameshapigwa mawe maisha yao yote. Lakini kwa mbwa jike mwenye watoto usifanye hivyo, wala usisimame na kujadiliana naye. Huyo anataka jambo moja tu, yaani uongeze umbali kati yako na mahali watoto wake walipo. Rudi ulikotoka, zunguka mbali. Na jike mwenye watoto mara nyingi habweki, kama ulivyoona mwenyewe.

Kuhusu kufunga: ukituambia kwamba tuwafunge kila siku kwa sababu kuna watu wa mjini wanapenda kutembea, utakuwa umetuonea, na mbwa anayefungwa kutwa huwa mkali zaidi akifunguka. Ukituambia wiki moja kabla, kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwamba Jumamosi fulani kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne watapita wanafunzi 22, mimi nitawafunga wangu wote wanne na jirani zangu watafanya hivyo. Umuombe pia mwenyekiti awape kijana mmoja wa kuwatangulia. Mbwa wa njia ile yote wanamjua.

Afisa_Mifugo_Mstaafu, Jumatatu saa 3:40 usiku

Mwalimu, maelezo ya ndugu mkulima ni mazuri na sina la kuongeza kuhusu njia. Naomba nisianze na maswali yako, bali na ule mkwaruzo, ambao umeutaja kwa sentensi moja na kuupita.

Tafadhali mpeleke mtoto hospitali ya wilaya kesho asubuhi. Usingoje kuona kama utavimba, kwa sababu kidonda cha namna hiyo kinaweza kupona vizuri kabisa, mtoto akarudi kucheza mpira, na ugonjwa ukaja baadaye. Virusi vya kichaa cha mbwa vinasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Dalili zikishaanza, hakuna matibabu tunayoweza kuyategemea, na karibu kila mgonjwa hufariki. Kabla hazijaanza, chanjo inamwokoa mtu. Yote yanategemea hicho kipindi cha kimya, ambacho watu wengi wanakitumia kusema kwamba mtoto hajambo.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, jeraha la mbwa linapangwa katika makundi matatu. Kumgusa mbwa au kulambwa kwenye ngozi nzima hakuhitaji chanjo. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu unahitaji chanjo. Jeraha lililopenya ngozi, hata likiwa moja na jembamba, linahitaji chanjo pamoja na dawa ya kinga ya haraka inayochomwa kuzunguka kidonda, inapopatikana. Umesema damu ilitoka. Kwa hiyo mwambie daktari hivyo hivyo, usipunguze maneno kwa kuona aibu kwamba umekwenda kwa ajili ya mkwaruzo.

Kitu cha kwanza mlichopaswa kukifanya pale pale ni kuosha. Mnapaswa kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili mkiangalia saa, siyo kukifuta. Virusi hivi vina utando wa mafuta, na sabuni inauvunja utando huo. Najua kwamba uwandani maji ni ya shida na akina mama wanayafuata mbali, ndiyo maana nawashauri watembeaji wote wabebe lita mbili za ziada ambazo hazinywewi, na kipande cha sabuni ya mche. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha. Hata sasa, siku ya pili, aoshe. Nawe usiseme kwamba mmeshachelewa, kwani chanjo huanzishwa hata siku zikiwa zimepita, maadamu dalili hazijatokea.

Wazee wengi bado wanaogopa zile sindano nyingi za tumboni za zamani. Hazitumiki tena. Siku hizi chanjo inachomwa begani. Ipo ratiba fupi ya siku ya 0 (yaani siku ya sindano ya kwanza), ya 3 na ya 7, inayochomwa ndani ya ngozi, na ipo ratiba ndefu zaidi ya kwenye msuli; hospitali itakupangia kulingana na iliyopo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kupata sindano ya kwanza, akaona nauli ya kurudi ni ghali, akaacha.

La pili, na hili linakuhusu wewe na mwenye shamba: yule mbwa asiuawe. Najua hasira ya wazazi. Lakini mbwa aliye hai ndiye ushahidi wenu. Afungwe, apewe chakula na maji, aangaliwe kwa siku 10 tangu siku alipomkwaruza mtoto. Mbwa anayeweza kuambukiza kwa mate siku ile ataonyesha ugonjwa au atakufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, daktari anaweza kuamua kwamba sindano zilizobaki si lazima. Akifa, msimfukie, bali mwiteni afisa mifugo wa kata ili sampuli ya ubongo ipelekwe maabara. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Mtwara, hamtahitaji kuipeleka Dar es Salaam. Mpwa wako aanze chanjo kesho huku mbwa akiangaliwa. Usingoje siku 10 zipite kwanza.

Kwa maelezo yako, yule jike alikuwa na sababu ya kufanya alichofanya: ana watoto, mlimkaribia, mtoto alikimbia, akamwachia alipoondoka. Hiyo inanipa matumaini. Mbwa mwenye kichaa huwa hana sababu. Anatoka nje ya eneo lake, anapita katikati ya kijiji akiuma watu, mbuzi na hata mti, hasikii akiitwa na mwenyewe, sauti inakuwa ya kukwaruza, taya linalegea na mate yanadondoka. Wengine huwa kinyume chake, wanajificha gizani na kunyamaza, na mtu anayemhurumia na kumtia mkono kinywani akidhani amekwamwa na mfupa ndiye anayepata ugonjwa. Hata hivyo, matumaini yangu si cheti cha chanjo.

Niwakumbushe jambo moja kuhusu mikoa yetu hii. Kati ya mwaka 2010 na 2015 Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa maeneo ya wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania yaliyokuwa katika mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, na mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji. Kazi ile ilionyesha kwamba inawezekana. Lengo ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100 katika kila eneo, na kurudia, kwa sababu mbwa wetu hawaishi muda mrefu na kila mwaka wanazaliwa wengine wasio na kinga. Ndugu mkulima, hapa nakuomba wewe: watoto wa mbwa nao wachanjwe. Nimefanya kampeni nyingi ambapo mwenye nyumba analeta mbwa watatu wakubwa na kuwaacha watano wadogo nyumbani kwa kudhani umri haujafika, na hao watano ndio wanaocheza na watoto wa nyumba.

Katika mikoa hii tuna jambo jingine ambalo si la kawaida kila mahali, nalo ni bweha. Sehemu kubwa ya wanyama walioshukiwa kuwa na kichaa Lindi na Mtwara walikuwa bweha. Ugonjwa unaendeshwa na mbwa, lakini bweha wanaupata na kuuleta mashambani. Mtembeaji akimwona bweha mchana kweupe, haogopi watu, anakuja moja kwa moja, asimfanye kuwa kivutio cha kupiga picha. Aondoke na awaambie wenye mashamba.

Kijana_wa_Nachingwea, Jumatatu saa 4:05 usiku

Shikamoo mzee. Naomba kuuliza: je, mbwa akiwa na mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe akisema kwamba amechanjwa, bado ni lazima kwenda hospitali? Na je, kuna faida yoyote ya kupaka kidonda pilipili, chumvi au mafuta ya taa, kama tunavyoambiwa nyumbani?

Afisa_Mifugo_Mstaafu, Jumatatu saa 4:12 usiku

Marahaba, kijana wangu. Nenda hospitali, ukiwa na cheti cha chanjo cha yule mbwa ikiwa kipo, halafu daktari ndiye aamue. Neno la mdomo halitoshi, kwani wengi husema amechanjwa wakimaanisha miaka mitatu iliyopita, au wakimaanisha mbwa mwingine. Pilipili, chumvi na mafuta ya taa visipakwe kabisa. Vinaumiza nyama ya kidonda na vinamfanya mtu aamini kwamba ameshatibiwa. Sabuni na maji, kisha hospitali.

Mama_wa_Mtandi, Jumanne saa 12:50 asubuhi

Nimeamka kuswali nikakuta mjadala huu, nami siwezi kuupita.

Mimi ninaishi Masasi, chini ya mlima Mtandi, na tangu utotoni nimepanda milima yetu ile ya mawe kutafuta kuni. Mwaka mmoja, msimu kama huu, mtoto wa jirani yangu wa miaka minane aliumwa na mbwa asiyejulikana mwenyewe, kidoleni, alipokuwa anachunga mbuzi. Bibi yake, ambaye alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote, alimwosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama tulivyofundishwa kuhusu najisi ya mbwa, akamsomea dua, akamfunga kidole kwa kitambaa safi. Kidole kilipona. Ilikuwa kama wiki ya saba mtoto alipoanza kusema kidole kinamwasha mahali ambapo hapakuwa hata na kovu la kuonekana. Siku ya pili yake nilimpelekea uji. Alikuwa na kiu, alinyoosha mkono kupokea kikombe, na kikombe kilipofika karibu na midomo koo lake likakaza na mwili wote ukatetemeka, akakisukuma, na machozi yakamtoka kwa sababu alikuwa anautaka ule uji. Hakumaliza wiki.

Ninaandika haya kwa ajili ya akina mama na mabibi wenzangu. Twahara ni haki yetu na ibada yetu, lakini twahara ni ya kuondoa najisi, na ugonjwa unahitaji dawa yake. Shekhe wetu alitueleza baada ya msiba ule kwamba kuokoa nafsi ndiko kunakotangulia, na kwamba udongo hauingizwi kwenye jeraha lililo wazi. Muuguzi naye alituambia kwamba udongo kwenye jeraha unaleta pepopunda. Kwa hiyo kidonda kioshwe kwanza kwa sabuni kama mzee alivyosema, mtoto apelekwe hospitali, na nguo na ngozi nzima iliyoguswa na mate ioshwe baadaye kama dini inavyotaka. Yule bibi hakukosa mapenzi wala bidii. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mwalimu, wewe umeambiwa. Mpeleke.

Mwalimu_wa_Shangani, Jumanne saa 11:20 jioni

Mama, asante. Nilisoma ujumbe wako saa moja asubuhi nikiwa najiandaa kwenda kazini, nikaomba ruhusa.

Tumetoka hospitali. Daktari alimuuliza mpwa wangu maswali yale yale aliyoyaeleza mzee: ngozi ilipenya, damu ilitoka, mbwa anajulikana, kidonda kilioshwa kwa nini. Niliona aibu kujibu hilo la mwisho. Muuguzi alikiosha upya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akiangalia saa ya ukutani, ilhali chenyewe ni mstari mwembamba usiofika urefu wa kidole. Amepata sindano ya kwanza, na nyingine ni Ijumaa na Jumanne ijayo. Amechomwa pia ya pepopunda.

Mwenye shamba nimempata kwa simu kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa ameshaamua kumuua yule mbwa jioni ya leo, kwa heshima ya kutufuta machozi. Nimemsihi asifanye hivyo na nikamsomea maelezo ya mzee neno kwa neno. Amekubali kumfunga chini ya mwembe pamoja na watoto wake, ambao ni wanne. Hakuwahi kumchanja.

Mkulima_wa_Mikorosho, Jumanne saa 1:30 usiku

Namfahamu ndugu huyo, mashamba yetu hayapo mbali. Kesho nikienda kupulizia nitapita kumwona mbwa, na nitakuwa napita kila asubuhi mpaka siku 10 zitimie. Kuhusu watoto wa mbwa, mzee amenishika pabaya, kwa maana mimi mwenyewe nina wawili ambao sikuwapeleka kwenye chanjo iliyopita kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja. Nitamtafuta afisa mifugo wa kata wiki hii.

Mwalimu_wa_Shangani, Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 2:00 usiku

Ndugu zangu, jana mpwa wangu amepata sindano ya tatu, na jana hiyo hiyo ndiyo siku ya 10. Mbwa yuko hai, anakula, ananyonyesha, na kwa maelezo ya ndugu mkulima anambwekea kila mtu anayekaribia mwembe isipokuwa yeye, ambaye amezoea kumletea ugali.

Nimeandika barua kwa mtendaji wa kijiji nikiomba mambo matatu: kijana wa kututangulia, taarifa kwa wenye mashamba wiki moja kabla, na ruhusa ya kupita siku ambayo afisa mifugo wa kata atakuwa kijijini akichanja, ili wanafunzi wangu wasimame pale kwanza na kuona kazi hiyo kabla ya kushuka. Mtendaji amejibu kwamba Jumamosi ya pili ya Agosti inawezekana. Tutaanza saa mbili asubuhi, ukungu ukishapungua, kofia zikiwa mkononi. Kila mwanafunzi wa kumi atabeba lita mbili za maji yasiyonywewa, na mimi nimeshakata mche mmoja wa sabuni vipande sita.